Uru sita tulizoziacha mezani: tunafikaje kwenye slamu ya rangi ndogo?

Mkazi wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Ndugu wapenzi wa briji, salaam.

Jumamosi iliyopita tulikaa wanne, kama ilivyo desturi yetu, barazani kwa mwenzetu hapa Ilazo, Dodoma. Kila pembe ya kitambaa cha meza ilikuwa imewekewa kipande cha tofali, kwa sababu upepo wa msimu huu hauheshimu karata ya mtu. Katika mgao wa saba mimi nilikuwa Kusini, na mwenza wangu, kijana wa uhasibu ambaye hajamaliza hata mwaka katika mchezo huu, alikuwa Kaskazini na ndiye aliyegawa. Pande zote mbili zilikuwa hatarini, yaani zawadi na adhabu zao zilikuwa kubwa zaidi. Mikono yetu ilikuwa hii:

Kaskazini (mwenza): shupaza 7, kopa ree-8-4, uru mfalme-malkia-10-7-3, pau ree-9-6-2.

Kusini (mimi): shupaza ree-6-5-2, kopa mfalme-5, uru ree-ghulamu-8-6-4, pau 7-5.

Wapinzani walinyamaza mwanzo hadi mwisho. Mwenza alifungua kwa uru 1, nikajibu shupaza 1, akataja pau 2. Nami nilipohesabu pointi zangu kumi na mbili (ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1) na kuona kwamba kopa, rangi pekee ambayo haijatajwa, ninayo mfalme, niliruka moja kwa moja hadi bila turufu 3, yaani ahadi ya kula mizunguko tisa (sita ya msingi na mitatu juu yake) pasipo rangi ya turufu, na mnada ukaishia hapo. Karata ya kwanza ikaja kopa. Nilikula mizunguko tisa ya wazi, yaani uru tano, kopa mbili, ree ya shupaza na ree ya pau, kisha nikawaachia wapinzani iliyobaki. Zikaandikwa alama 600, nami nikanyoosha mkono kuchukua kikombe changu cha chai nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Ndipo mwalimu wetu, mstaafu wa hisabati ambaye siku hiyo alikuwa mpinzani wangu, akaifunua mikono yote minne mezani na kuniambia niicheze tena, safari hii turufu ikiwa uru. Nilivuta turufu mara mbili na za wapinzani zikaisha, kwa kuwa walikuwa nazo tatu tu kwa jumla. Nikala ree ya pau, nikawapa pau moja. Baada ya hapo sikuhitaji kufikiri: shupaza zangu tatu ndogo zilikatwa Kaskazini, kopa ya tatu ya Kaskazini na pau mbili zilizobaki zikakatwa Kusini, na ree na mfalme wa kopa, pamoja na ree ya shupaza, wakala kwa wakati wao. Mizunguko kumi na miwili, wala hakuna kamari yoyote iliyochezwa. Slamu ndogo ya uru, yaani kuahidi na kula mizunguko kumi na miwili kati ya kumi na mitatu, tukiwa hatarini ni alama 1370.

Swali langu kwenu ni la mnada, wala si la uchezaji. Mimi na mwenza tulikuwa na pointi 25 tu kati ya 40. Sote tumefundishwa kwamba slamu inataka pointi kama 33. Je, mchezaji mwaminifu anayehesabu pointi zake sawasawa angewezaje kuiona uru 6 kabla karata hazijafunuliwa? Maoni yangu mwenyewe, ambayo niko tayari kuyabadilisha, ni kwamba kosa lilifanyika pale niliporuka. Slamu ya kopa au ya shupaza mtu anaweza kuikumbuka hata akiwa amechelewa, lakini ya uru au pau ikishapitwa na bila turufu 3, hakuna anayerudi kuitafuta.

Msafiri wa Singida

Mkuu, mgao ni mzuri, lakini usiwatie vijana tamaa. Rangi ndogo hailipi. Kila mzunguko wa uru au pau, juu ya ile sita ya msingi, una alama 20 tu, ilhali kopa na shupaza ni 30, na bila turufu ni 40 kwa mzunguko wa kwanza na 30 kwa inayofuata. Ndiyo maana mchezo kamili wa uru, yaani mkataba wa kufikisha alama 100, unadai mizunguko kumi na mmoja, na bila turufu unadai tisa tu.

Katika mashindano ambayo matokeo yako yanalinganishwa na ya meza nyingine zilizocheza karata zilezile, hasara huwa kubwa zaidi. Anayekaa bila turufu 3 na kula kumi na moja anapata 660 akiwa hatarini. Anayecheza uru 5 na kula kumi na mbili anapata 620. Kala zaidi, kaandikiwa pungufu! Mimi nikiona uru tano na vizuizi katika rangi nyingine, nakwenda bila turufu 3 na kulala usingizi.

Mkazi wa Ilazo

Ndugu Msafiri, hesabu yako ni sahihi, lakini inanisaidia mimi kuliko inavyokusaidia wewe. Kama uru 5 ni mahali pabaya pa kusimama, basi ni lazima tujue kama tunakwenda sita kabla hatujaivuka bila turufu 3. Sikusema tuache kuicheza. Nalaumu kule kuifikia kwa mruko mmoja, nikiwa sijamwambia mwenza hata mara moja kwamba uru zake ninazo tano.

Mwalimu Mstaafu

Nawashukuru wote kwa heshima mliyoupa mgao huu. Kwa kuwa nilikuwapo mezani, nitaanza na suala la pointi, kisha niingie kwenye mnada.

Pointi ni kipimo cha nguvu ya karata zikiwa peke yake, na hazina habari kwamba karata hizo zimekutana na nini upande wa pili. Chukueni mkono wa Kusini, muiondoe ree ya shupaza na kuweka mahali pake mfalme na malkia wa shupaza, huku mkitoa shupaza moja ndogo. Pointi zimeongezeka kutoka kumi na mbili hadi kumi na tatu. Sasa chezeni uru 6. Wapinzani wanayo ree ya shupaza na wataila, kisha watakula pau moja ambayo hamna pa kuificha, na mkataba umekufa. Umeongezewa pointi moja na umenyang'anywa slamu! Sababu ni kwamba Kaskazini ana shupaza moja tu: mbele ya karata hiyo pekee, ree inafanya kazi yote na tatu ndogo zinakatwa, bali mfalme na malkia ni mapambo. Kwa hiyo mchezaji anayetafuta slamu ya rangi ndogo hana budi kuacha kuuliza "tuna ngapi?" na kuanza kuuliza "zimekaa wapi?"

Na maswali hayo yanaulizwa kwa dau. Mnada wetu haufanani na ule wa Msalato, ambako anayetaja bei kubwa anaondoka na mbuzi wake na mazungumzo yamekwisha. Hapa kila bei unayoitaja ni sentensi unayomwambia mwenza, na nafasi ya kuzungumza ni ndogo sana. Aliyeruka kutoka pau 2 hadi bila turufu 3 alipitia juu ya sentensi nane ambazo angeweza kuzisema.

Hivi ndivyo ningependa mnada uende. Uru 1, shupaza 1, pau 2, kama mlivyofanya. Sikubaliani na wanaosema Kusini angeanza kwa kuinua uru, kwani shupaza nne hazifichwi kirahisi. Sasa Kusini ataje kopa 2. Hii ni rangi ya nne, nayo haiahidi kopa yoyote. Inamwambia mwenza tu kwamba hatutaacha mnada kabla ya mchezo kamili, na inamtaka aendelee kujieleza. Dau hili ni la lazima kwa sababu, kwa makubaliano ya wengi wetu, kuruka hadi uru 3 hapo kungekuwa ni mwaliko tu, na mwenza mwenye pointi chache angeruhusiwa kupita. Kaskazini atajibu bila turufu 2, maana anayo ree ya kopa. Kusini sasa ataje uru 3, nayo ndiyo sentensi ambayo bwana wa Ilazo hakuisema: "Ninazo uru za kutosha, mchezo kamili tunao, na bado sijaridhika."

Tazameni kwamba tuko uru 3 tu, chini ya bila turufu 3. Kaskazini akiwa na mkono dhaifu wenye malkia na maghulamu waliotawanyika atataja bila turufu 3 na hakuna kilichoharibika. Lakini pointi zake kumi na tatu ni ree mbili, mfalme na malkia wa turufu, na shupaza pekee. Huo si mkono dhaifu hata kama hesabu yake ni ya chini. Atataja kopa 3, kuonyesha udhibiti wa kopa. Kusini anataja shupaza 3: ninayo ree. Kaskazini akiisikia hiyo anatakiwa kukaa sawa kwenye kiti, maana sasa anajua kwamba mwenza hana mapambo mbele ya shupaza yake pekee. Anataja pau 4. Kusini anataja kopa 4, mfalme. Kaskazini anauliza karata za msingi (ree nne na mfalme wa turufu) kwa bila turufu 4, anajibiwa kopa 5, yaani mbili bila malkia wa turufu. Tatu anazo mwenyewe, jumla tano, zote. Uru 6.

Slamu kuu, ya mizunguko yote kumi na mitatu, haipo, kwa sababu ile pau moja haina dawa, na hakuna aliyeonyesha mfalme wa pau.

Karani wa Hesabu

Shikamoo Mwalimu. Naomba kuongeza tarakimu.

Tukiwa hatarini, uru 6 ikitimia ni 1370 dhidi ya 600 za bila turufu 3, faida ya 770. Ikifa kwa mzunguko mmoja tunapoteza 100 na zile 600 tulizoziacha, jumla 700. Kwa hiyo slamu inajilipa hata kama nafasi ya kufaulu ni kidogo chini ya nusu, takriban asilimia 48. Katika mgao huu hatari iliyopo ni turufu tatu za wapinzani kukaa mkono mmoja, na kwa kuwa karata tatu zinagawanyika ama mbili kwa moja ama tatu kwa sifuri, nafasi ni nusu kwa nusu. Basi slamu ni halali lakini ni ya pembeni.

Neno jingine dogo: zawadi hii ya kutaja slamu kabla ya kuila ndiyo iliyoupa mchezo wetu sura yake ya leo. Harold Vanderbilt, Mmarekani aliyeupanga mfumo wa alama mwaka 1925 akiwa safarini melini, alitaka mtu alipwe kwa alichokiahidi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Malipo umeyapiga vizuri, mgawanyiko umekosea. Matokeo mawili hayana maana ya nafasi sawa. Karata tatu zinagawanyika mbili kwa moja mara 78 katika kila 100, na tatu kwa sifuri mara 22. Na hata zikiwa tatu kwa sifuri, njia nyembamba ya kukata huku na huku bado ipo. Slamu hii si ya pembeni hata kidogo. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha ubaoni.

Karani wa Hesabu

Nimerudi ubaoni, Mwalimu.

Mama wa Mpwapwa

Nimesoma mnada wa Mwalimu na naukubali, isipokuwa ile bila turufu 4 ya mwisho, ambayo katika mgao huu imepita salama lakini katika mingine imewazamisha wengi, mimi nikiwemo.

Dau la kuuliza ree kwa bila turufu 4 lilibuniwa na Easley Blackwood mwaka 1933, na baadaye likaboreshwa ili mfalme wa turufu ahesabiwe pamoja na ree nne, zikawa karata za msingi tano. Wengi wetu tunajibu hivi: pau 5 ni moja au nne, uru 5 ni sifuri au tatu, kopa 5 ni mbili bila malkia wa turufu, shupaza 5 ni mbili pamoja naye. Turufu ikiwa kopa au shupaza, mambo ni shwari. Turufu ikiwa pau, balaa liko pale pale. Nimeshika karata za msingi mbili, nimeuliza, mwenza hana hata moja na anajibu kwa adabu uru 5. Zinakosekana tatu, nami siwezi tena kusimama pau 5 kwa sababu jibu limekwisha kuivuka. Hilo lilinipata nikiwa nimealikwa kucheza Morogoro, na mwenza wangu wa siku hiyo hakusema neno hadi chakula cha mchana. Turufu ikiwa uru, hatari ni jibu la kopa 5: ukiwa na karata ya msingi moja tu mkononi na mwenza ana mbili, zinakosekana mbili, na umeshalazimika kwenda sita.

Dawa ni kuuliza chini zaidi. Turufu ikiwa uru, swali liwe kopa 4. Turufu ikiwa pau, swali liwe uru 4. Majibu yanapanda ngazi kwa ngazi kwa mpangilio uleule. Kwa uru: shupaza 4 ni moja au nne, bila turufu 4 ni sifuri au tatu, pau 5 ni mbili bila malkia, uru 5 ni mbili pamoja na malkia. Ngazi ya juu kabisa inaangukia kwenye mkataba wetu wenyewe. Haivuki.

Rudini sasa kwenye mgao. Baada ya Kaskazini kutaja pau 4, Kusini anauliza kwa kopa 4. Kaskazini anajibu bila turufu 4, yaani tatu, kwani mkono uliofungua na kuonyesha ree mbili hauwezi kuwa na sifuri. Kusini ana mbili zake. Uru 6, na hakuna aliyetokwa jasho.

Dawa hii ina gharama mbili. Kwanza, unapoteza kopa 4 kama dau la kuonyesha udhibiti. Pili, ni lazima wote wawili mkumbuke.

Msafiri wa Singida

Mama, gharama ya pili ndiyo yangu. Mwenza wangu akisikia kopa 4 atadhani nina kopa sita.

Lakini nakiri jambo moja. Nimewagawia wanangu mikono hii miwili jana usiku, umeme ulipokatika na hatukuwa na la kufanya, na wote wawili waliishia bila turufu 3 kwa njia yangu. Mdogo aliuliza kwa nini shupaza moja ya mwenzake haikutajwa popote katika mnada. Sikuwa na jibu.

Karani wa Hesabu

Naomba kuuliza: Kaskazini hawezi kuionyesha hiyo shupaza pekee kwa dau la kuruka?

Mwalimu Mstaafu

Si hapa, kwa sababu shupaza ndiyo rangi aliyoitaja mwenza. Lakini geuza mambo: mwenza amefungua uru 1, nawe una uru tano, huna kopa nne wala shupaza nne, una shupaza moja na ree za kutosha. Ukiruka hadi shupaza 3, mkikubaliana hivyo, umesema kila kitu kwa pumzi moja: uru ninazo, shupaza ni moja au sina, mchezo kamili upo. Na bado uko chini ya bila turufu 3. Mwenye mfalme na malkia wa shupaza atasimama hapo hapo bila turufu 3. Mwenye shupaza ndogo tatu atafurahi.

Mkazi wa Ilazo

Ndugu zangu, wiki mbili zimepita na nimeona niwape mrejesho.

Mimi na mwenza tulikubaliana kutumia rangi ya nne, uru 3 ya kulazimisha, na swali la kopa 4 kama Mama wa Mpwapwa alivyoshauri. Nilimwandikia kwenye kipande cha boksi la biskuti, naye akakisoma mara mbili na kukirudisha. Jumamosi ya katikati hatukucheza, alikuwa amekwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR kwenye harusi.

Juzi mgao wa nne ulinipa uru sita nzuri, ree mbili za pembeni na kopa mbili ndogo. Mwenza alifungua uru 1. Tulipanda vizuri kupita kiasi: uru 3 ilitajwa, bila turufu 3 ikakataliwa kwa hoja, udhibiti wa shupaza na wa pau ukaonyeshwa, na yeye alikuwa amekwisha kuniambia kwamba ree ya kopa anayo. Wapinzani walikuwa wameacha kunywa chai. Nikataja kopa 4 kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

Mwenza alitazama karata zake kwa muda mrefu, akatazama juu kwenye dari ya baraza, akasema: "Napita."

Tulikuwa na kopa tano kwa mikono yote miwili, na wapinzani walikuwa nazo nane. Nilikula mizunguko sita badala ya kumi, tukiwa hatarini, ilhali uru 6 ilikuwa imelala pale mezani haina hata mahali pa kukosea. Mwalimu aliandika 400 upande wake polepole, tarakimu moja moja, kisha akauliza ni zamu ya nani kugawa.